Namba Sahihi, Mtu Hajulikani

Ndugu msomaji, kama nyumbani kwenu kuna LUKU, basi umekwisha kuwa mtumishi wa kompyuta hata kama hujawahi kuigusa. Unanunua umeme kwa simu, unaletewa tarakimu 20, unazinakili kwenye kipande cha karatasi, kisha unakwenda kusimama mbele ya mita na kuzibonyeza moja moja huku mtoto akikusomea. Upande mmoja kuna mitambo ya shirika la umeme, iko mbali huko. Upande wa pili kuna kimita cha ukutani ambacho, kwa mita nyingi tulizozizoea, hakina laini ya simu wala intaneti. Hawa wawili hawajawahi kuonana. Anayepeleka salamu kati yao ni wewe, kwa miguu yako na karatasi yako. Waya ni wewe.

Tarakimu zile sote tunaziita tokeni. Hata bibi asiyejua kusoma utamsikia akisema, "Tokeni imegoma." Neno lilianzia kwa wataalamu, likapanda basi, likateremka milima ya Tukuyu, likafika mpaka huku kwetu Ikolo, Kyela, na sasa ni la kwetu kama ulivyo mchele. Lakini nadhani ni wachache waliowahi kujiuliza ndani ya tarakimu zile mna nini. Mimi nimejiuliza, tena kwa uchungu, kwa sababu ya jambo moja lililonipata ambalo nitalisimulia hivi punde. Kwanza tumalizane na mita.

Utaratibu unaotengeneza tokeni hizi unaitwa STS. Ulianzia Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1990 na sasa unatumika katika nchi nyingi. Kila mita ina siri yake, yaani ufunguo uliofichwa ndani, usiofanana na wa mita ya jirani. Mtambo unaouza umeme nao unaujua ufunguo huo. Unaponunua, mtambo unaandika ujumbe mfupi sana: umenunua yuniti ngapi, na tokeni imetengenezwa dakika gani. Ujumbe huo unafumbwa kwa ufunguo wa mita yako, unageuzwa kuwa tarakimu 20, unatumwa. Mita ikiupokea inaufumbua. Ukiwa ni wake na haujatumika, yuniti zinaingia. Ukiwa ni wa mita nyingine, unakataliwa. Ukiurudia mara ya pili, unakataliwa vilevile, maana mita ina kumbukumbu.

Hiyo habari ya dakika si mchezo. Dakika zilikuwa zinahesabiwa tangu tarehe 1 Januari 1993. Nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ilitosha dakika milioni 16 na ushei tu, na ikajaa tarehe 24 Novemba 2024. Ndiyo maana mwaka ule watu waliponunua umeme waliletewa makundi matatu ya tarakimu 20 badala ya moja, wakadhani simu zimerogwa. Makundi mawili ya kwanza yalikuwa ya kubadili ufunguo wa mita, la tatu ndilo umeme wenyewe. Mimi nilizaliwa saa hiyo imekwisha kuhesabu miaka, wala sikujua kwamba kila tulipowasha taa jioni tulikuwa tumeibeba mkononi.

Sasa angalia uzuri wake. Nikiwa na tokeni ya Bibi, naweza kusimama njia panda nikaitangaza kwa kipaza sauti. Mwizi akiisikia ataipeleka wapi? Mita yake itaikataa. Mahali pekee inapofanya kazi ni ukutani kwa Bibi, na akienda kuiingiza huko atakuwa amemwashia Bibi taa. Mwizi wa namna hiyo na aje hata kila siku.

Kuna namba nyingine, fupi kuliko ya umeme, ambayo ikitangazwa njia panda mtu analia. Tarakimu nne tu. Ni namba ya siri ya fedha za simu.

Mimi nilimaliza kidato cha nne, nikabaki nyumbani. Usiku naandika riwaya, na mchana nauza katika kibanda cha steshenari: kompyuta moja, printa moja, mashine ya kutoa nakala, madaftari, kalamu, na waya kibao za kuchaji simu za watu. Kwa kazi hiyo, bila kuchaguliwa na mtu, nimekuwa katibu wa wazee. "Mjukuu, hebu nisomee meseji hii." "Mjukuu, mtumie mwanangu hela ya mbolea." Nikishika simu na kufika pale inapodai namba ya siri, nageuka nimrudishie mwenyewe. Hapo mzee ananishangaa, kisha anaitaja kwa sauti watu wote kibandani wakisikia. Wengi wameweka mwaka waliozaliwa. Nilipohesabu siku moja nikakuta najua namba za siri za watu saba. Sikuziomba. Ziliingia masikioni mwangu kama nyimbo za harusi ya jirani.

Vijana wa mjini mtasema hawa wazee ni washamba. Nawaomba mtulie kwanza. Mzee ana mtoto wa jicho. Maandishi ya kisimu kile ni madogo kama mayai ya chawa. Akichelewa kidogo kubonyeza, menyu inakatika na kurudi mwanzo. Mvua za masika zikija na njia kujaa maji, hawezi kwenda Kyela mjini kwa baiskeli, basi simu humtuma kijana aliye karibu. Mzee hana njia ya kumtuma kijana kazi moja tu. Njia aliyopewa ni moja: ampe yote, au asimpe kitu. Anampa yote.

Katika hao saba alikuwamo mzee mmoja ambaye nitamwita Babu tu. Babu aliwahi kuwa mpakizi bandarini Itungi, enzi MV Songea ikisubiriwa na watu tangu usiku, wengine wamelalia magunia yao. Kila Jumamosi alikuja kibandani, akakaa juu ya kreti la soda, akanisimulia. Jinsi ya kubeba gunia kwenye ubao unaoyumba bila kuangalia maji. Jinsi mtu anavyojua kwa upepo kwamba ziwa limekasirika kabla halijakasirika. Harufu ya usipa waliokauka ikichanganyika na mafuta ya injini. Riwaya yangu inamhusu mpakizi wa Itungi, na sitaona haya kusema kwamba nusu ya pumzi yake ilikuwa ya Babu.

Msimu mmoja Babu aliuza kakao, fedha zikaingia kwenye simu. Siku chache baadaye akakuta zimepungua shilingi 60,000. Ujumbe ulikuwamo simuni: zimetolewa kwa wakala mmoja wa Kyela mjini, siku ya gulio, saa saba mchana na dakika kadhaa.

Siku ile simu ya Babu ilikuwa imesafiri kuliko mwenyewe. Mjukuu wake aliipeleka mjini asubuhi kwa baiskeli, ikabadilishwe betri kwa fundi. Mkwe wake alipita kwa fundi kuiulizia, akaichukua, akairudisha kwa kuwa sauti ilikuwa bado haitoki. Mimi nilikuwa mjini kununua wino wa printa, nikaombwa niichukue niirudishe Ikolo, nikairudisha. Watu watatu, na wote watatu tulikuwa tunaijua namba ya siri. Nani alikuwa na simu saa saba? Kila mtu alikumbuka kivyake. Fundi alisema ilikaa mezani, watu wanapita. Wakala alifungua daftari lake, tukaona kiasi, tukaona namba, na pembeni pana sahihi ya mkato ambayo hata mwenyewe aliyeiandika asingeisoma. Akasema siku ya gulio anahudumia watu wengi mno, sura hakumbuki.

Tukaitwa barazani kwa Babu, wazee wanne wamekaa. Kila mmoja akaeleza. Mkwe akalia. Mjukuu akakasirika, akanyanyuka, akarudishwa. Zamu yangu ilipofika nikasema yote niliyoyajua, nikasema sikuchukua. Babu akaniangalia muda mrefu. Kisha akasema, "Mjukuu, sisemi ni wewe. Wala sisemi si wewe."

Ndugu msomaji, nimesoma riwaya nyingi, sijakutana na adhabu nzito kama sentensi hiyo. Angesema ni mimi, ningebisha. Angesema si mimi, ningeshukuru. Lakini alisema kweli tupu, kwa kuwa hakuwa na namna ya kujua. Mfumo wa simu uliona namba sahihi, ukafungua. Haukuona mtu. Kwa mfumo, mimi na mjukuu na mkwe na Babu mwenyewe tulikuwa kiumbe kimoja chenye tarakimu nne.

Mpaka leo haijajulikana. Mjukuu aliondoka, akaenda kutafuta maisha Tunduma, hajarudi. Mkwe bado anampikia Babu, ila sahani hupelekwa na mtoto. Babu aliacha kuja Jumamosi. Na mpakizi wangu katika sura ya sita amesimama kwenye ubao na gunia begani, miezi mingi sasa, hawezi kupanda melini wala kushuka.

Nilimsimulia haya mshikaji wangu mmoja tuliyesoma naye, ambaye siku hizi anatengeneza programu huko Mbeya mjini. Nilidhani atanipa pole. Akacheka kidogo akasema, "Mwanangu, hilo la Babu kompyuta zimekwisha kulipitia. Zilikuwa zinapeana namba za siri vilevile." Kisha akanieleza mambo ambayo nimeyafuatilia mwenyewe baadaye, usiku kibandani, na ninayaleta hapa kwa lugha ya kijiweni.

Miaka ya 2000, ukijiunga na tovuti mpya, nyingine zilikuwa zinakuomba neno la siri la barua pepe yako, eti zikutafutie marafiki waliomo kwenye orodha yako ya anwani. Watu walitoa. Kumbuka, tovuti ilihitaji orodha ya anwani tu, lakini ulichoipa ni funguo za nyumba nzima: barua zako zote, na uwezo wa kuandika kwa jina lako. Ukitaka kuinyang'anya ruhusa, ilibidi ubadili neno la siri, na hapo unawafungia nje hata wale wengine uliowataka. Pakiharibika kitu, hujui ni nani kati yao. Si ndiyo baraza ya Babu hiyo?

Wataalamu wakakaa, wakabuni utaratibu uitwao OAuth. Toleo la kwanza lilikamilika mwaka 2007, na lile linalotumika sana sasa, OAuth 2.0, lilichapishwa Oktoba 2012. Wazo lake ni hili. Chukulia kuna ghala, na mlangoni pana bawabu. Wewe ndiwe mwenye mali. Anakuja mtu anataka kuingia kuhesabu magunia yako. Humpi ufunguo. Anakupeleka mpaka kwa bawabu, wewe unajitambulisha kwa bawabu, wawili peke yenu, yule mtu hasikii. Bawabu anakuuliza: "Huyu anaomba kuhesabu magunia tu, asichukue. Unakubali?" Ukikubali, bawabu anamwandikia yule mtu tokeni. Kuanzia hapo anaingia na tokeni yake, siri yako haijui.

Tokeni hiyo inabeba mambo manne: imetolewa na nani, amepewa nani, ni ya kazi gani, na inakwisha lini. Nyingine huandikwa kwa namna ambayo anayeibeba anaweza kuyasoma yaliyomo, ila hawezi kuyabadili, kwa kuwa chini pana sahihi ya kihesabu ya aliyeitoa. Ukifuta herufi moja, sahihi inakataa. Fikiria barua ya mwenyekiti wa kitongoji yenye mhuri. Unaisoma njiani upendavyo, lakini ukikwangua tarehe, mhuri unakusuta.

Si lazima mwenye mali awe mtu. Hata mfumo na mfumo, usiku wa manane watu wamelala, huzungumza hivyo hivyo. Mfano wa jirani ni Safaricom ya Kenya, ambayo mwaka 2017 ilianzisha mlango uitwao Daraja, ili programu za maduka na biashara ziweze kuongea na M-Pesa. Programu ya duka ikitaka kuvuka, kwanza inajitambulisha kwa funguo zake mbili, inapewa tokeni, na tokeni hiyo inadumu saa moja. Kila ombi lazima liende na tokeni. Saa ikiisha, inarudi kuomba nyingine. Funguo zenyewe hazitembeitembei, hutumika kuombea tokeni tu. Kinachotembea ni tokeni, na hiyo hata ikidondoka njiani, maisha yake ni mafupi.

Nilipomwuliza mshikaji faida kubwa ni ipi, nilitegemea ataniambia kuzuia wizi. Akasema, "Hiyo ni mojawapo. Lakini mimi napenda kitu kingine. Kila aliyeingia ameingia kwa tokeni yake mwenyewe. Kitabu cha mfumo kinaandika: huyu, saa hii, kafanya hiki. Kukiwa na shida, nafuta tokeni moja, wengine wanaendelea na kazi."

Nilikaa kimya. Nikaona baraza ile upya. Kama simu ya Babu ingekuwa na tokeni tatu badala ya siri moja, daftari la mfumo lingesema jina. Mwizi angejulikana, kweli, lakini hilo si kubwa kwangu. Kubwa ni kwamba wawili wasio wezi wangejulikana pia. Siku zote tunafikiri siri na kufuli ni za kumlinda mwenye mali. Kumbe ruhusa yenye mpaka inamlinda na yule anayetumwa. Anayepewa yote hana pa kujitetea. Mwenye tokeni ya kununua sukari ya shilingi 5,000 akiulizwa habari za 60,000, hahitaji kuapa wala kulia.

Lakini nisiwadanganye kwamba tokeni ni dawa ya kila homa. Tokeni nyingi za kwenye mtandao si kama ya LUKU. Ni kama tiketi ya basi isiyoandikwa jina: aliyeishika ndiye abiria. Septemba 2018 kampuni ya Facebook ilitangaza kwamba wadukuzi wamepata upenyo wa kuiba tokeni za akaunti karibu milioni 50. Baadaye ikasema zilizoibwa hasa ni kama milioni 30. Hakuna neno la siri lililovunjwa. Waliiba tiketi, wakapanda basi. Kampuni ikazifuta tokeni kwa haraka, na watu kama milioni 90 wakajikuta wametolewa nje, wakatakiwa kuingia upya. Nyote mliokuwa mnatumia Facebook mwaka ule na ghafla ikawataka mjitambulishe, huenda mlikuwa katika kundi hilo.

Ndiyo maana wenye kazi hiyo wana miiko. Tokeni isafiri ndani ya njia iliyofungwa, ambayo anayechungulia katikati haoni kitu. Isiandikwe mahali pa wazi ndani ya programu, kama wale wanaobandika ufunguo chini ya kizingiti. Muda wake uwe mfupi. Kazi yake iwe ndogo kadiri inavyowezekana: anayetaka kusoma apewe kusoma, asipewe na kuandika. Na pawepo njia ya kuifuta kabla ya muda wake, maana urafiki nao huisha kabla ya muda wake.

Nikiyatazama haya yote, sioni kitu kigeni. Mama akimtuma mtoto dukani hampi kibubu, anampa shilingi elfu mbili na kumwambia, "Chumvi na kiberiti, chenji urudishe." Hiyo ni ruhusa yenye kazi, yenye kiasi na yenye muda. Mkulima wa kakao hapa Kyela akipeleka mzigo wake chama cha msingi, katika mfumo wa stakabadhi ghalani, anapewa karatasi inayosema kilo ngapi na za nani. Karatasi si kakao, lakini inasimama badala ya kakao. Anayevuka mpaka pale Kasumulu kwenda Malawi haulizwi siri za moyo wake, anaulizwa karatasi, na karatasi ina tarehe. Wazee wetu waliijua tokeni kabla ya umeme kufika. Waliijua mpaka walipopewa simu yenye tarakimu nne, ikawaambia wasahau yote hayo.

Kwa hiyo ninyi vijana mnaotengeneza programu, Mbeya, Dar, Nairobi, popote mlipo, nina ombi. Mnapokaa kubuni mfumo, mmezoea kumfikiria mtumiaji kuwa ni mtu mmoja mwenye macho mazuri, simu yake mkononi, peke yake chumbani. Huku kwetu mtumiaji ni familia. Simu moja ina mzee, mjukuu, mkwe na karani wa steshenari. Mpeni mzee namna ya kusema: huyu mjukuu anaweza kununua umeme na sukari, mpaka shilingi 10,000, mpaka Jumapili, na akifanya lolote liandikwe kwa jina lake. Zile kompyuta mmezipa adabu hiyo miaka mingi. Mpeni na Babu.

Sheria nayo iko upande huo. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, na mojawapo ya misingi yake ni kwamba taarifa za mtu zichukuliwe kwa kazi iliyotajwa, tena zisizidi mahitaji ya kazi hiyo. Ukiisoma polepole utaona ni maneno ya yule mama wa chumvi na kiberiti, yamevaa suti.

Mimi kwa upande wangu sikusubiri mfumo. Siku hizi mzee akija, namfikisha mpaka pale pa namba ya siri, kisha namwekea kidole gumba juu ya kitufe cha tano. Simu za vitufe zina kinundu kidogo pale kwenye tano, mtu asiyeona vizuri anakisikia. "Hapo ni tano, Bibi. Juu yake mbili, chini yake nane. Hesabu mwenyewe." Halafu nageuka kuangalia ukuta. Inachukua muda, foleni inalalamika, wakati mwingine menyu inakatika tunaanza upya. Mwezi uliopita bibi mmoja alikasirika kabisa. Akasema, "Kwani wewe mwizi, mpaka nikufiche?"

Nikamjibu, "Hapana, Bibi. Ndiyo maana sitaki kujua."

Akacheka, akabonyeza. Wawili kati ya wale saba wamekwisha kubadili namba zao kwa mikono yao wenyewe. Watano bado, na namba zao bado ninazo kichwani. Kichwa hakina kitufe cha kufuta.

Nawageukia wenzangu wa kalamu, kwa kuwa gazeti hili ni letu. Sisi nao watu hutufungulia milango. Mtu akikusimulia maisha yake, anakupa ruhusa, lakini mara nyingi hatuiulizi mipaka yake. Babu alinipa bandari, upepo, ubao unaoyumba. Hakunipa jina lake, wala baraza lake, wala machozi ya mkwe wake. Ndiyo sababu humu hana jina, na sikuandika kitongoji chake, na mambo mawili matatu ambayo yangeinogesha makala hii nimeyaacha palepale yalipo. Mwandishi akipewa ufunguo wa ghala apige hesabu ya magunia aliyoruhusiwa, atoke.

Juma lililopita nilimtuma kitukuu wa Babu na ujumbe. Nilimwandikia kwa herufi kubwa ili mtoto asome bila kukwama: kwamba siitaki simu yake, sitaki kujua namba yake, na kwamba kreti la soda bado liko pale pale. Ninachouliza ni swali moja tu: mtu aliyebeba gunia la mchele akifika mwisho wa ubao, mguu unaotangulia kuingia melini ni upi?

Jibu bado halijaja. Sura ya sita inalisubiri.